Hesabu Niliyomfanyia Mama Mkwe

Nikikumbuka siku hiyo mpaka leo masikio hupata moto, na kama si ninyi marafiki wangu singesimulia kabisa, kwa hivyo chekeni, lakini chekeni kiasi.

Mnajua mimi ni mwalimu wa hesabu hapa Kiboko, na ugonjwa wangu mnaujua, siwezi kuona watu wamenyamaza bila kuwaambia "fikiria namba yoyote." Sasa Disemba iliyopita tukapeleka mbuzi wa ntheo kwa kina Kavata, kule Nuu (kwetu Wakamba mbuzi hao wakipokelewa basi msichana ni mke wako, wakikataliwa unarudi nao nyumbani na aibu yako). Maombi yalikuwa yameisha, chakula hakijaiva, mbuzi bado wamefungwa nje, watu wamekaa tu wanaangalia viatu vyao. Nikaona wacha nichangamshe watu kidogo.

Nikaanza na Musyoka, kaka mkubwa wa Kavata: chukua idadi ya wavulana wako, zidisha kwa mbili, ongeza tatu, zidisha kwa tano, ongeza wasichana wako, toa kumi na tano, umepata ngapi? Akasema ishirini na moja. Nikamwambia, "Wavulana wawili, msichana mmoja." Aiii, nyumba nzima ilipiga kelele! Hapo ndipo ningekaa chini. Lakini shangazi wa Kavata akaita jikoni, "Mama Musyoka, kuja ujaribu!" na mimi, mtu mzima anayejua vizuri kwamba mama mkwe haongeleshwi ovyo, hata macho humkazii (ni heshima, tumelelewa hivyo), nikasema, "Ajaribu tu, si ni hesabu?"

Akasimama mlangoni, akabonyeza simu ya shangazi akiwa amenipa mgongo. Shangazi akasoma: arobaini na tatu.

"Wavulana wanne, wasichana watatu!" nikatangaza, kifua mbele.

Musyoka akacheka mpaka akashika tumbo. "Mwalimu, hapa kwetu wasichana ni wawili. Leo hesabu imekukataa."

Ningecheka naye yangeisha. Lakini kiburi cha mwalimu, jamani! Nikasema hesabu haidanganyi, labda mama amebonyeza vibaya, arudie polepole. Nilisema hivyo mbele ya baba mkwe, na mbuzi wangu bado wako nje. Mama akarudia. Shangazi akaangalia simu, safari hii hakusoma. Baba mkwe alikuwa amevua kofia ameishika mkononi, na Kavata alinitazama kwa jicho ambalo sitaki kuliona tena maishani.

"Mwambie mgeni sijakosea," mama akamwambia shangazi, kwa sauti ya chini lakini tulisikia sote. "Kuna Ndanu." Akarudi jikoni.

Ndanu alikuwa dada aliyemtangulia Kavata (Kavata mwenyewe aliniambia nje, akilia), alifariki kabla hajaanza kutembea, na tangu azikwe hakuna mtu aliyewahi kutaja jina lake katika ile nyumba. Chakula kilipoletwa sikusikia ladha yake. Mjomba wangu, aliyekuja kunisemea, akaninong'oneza, "Kijana, hawa mbuzi tunarudi nao." Nilimwamini. Niliona aibu, lakini zaidi ya aibu niliumia, kwa sababu nilimwita yule mama mwongo juu ya mtoto aliyemzaa.

Tulipokuwa tunajiandaa kuondoka, shangazi akatoka jikoni akaja moja kwa moja hadi niliposimama.

"Mama anauliza," akasema. "Kwa hesabu yako, mtoto aliyeenda, mtu anamweka ama anamtoa?"

Watu wote walikuwa wananingoja. Nikasema, "Anamweka."

Shangazi akarudi ndani na jibu langu. Sijui walisemezana nini huko, lakini baadaye kidogo baba mkwe alitoka, hakuniangalia, akafungua wale mbuzi akawaingiza zizini kwake.

Kavata ni mke wangu sasa. Mafumbo sijaacha, ugonjwa hauponi hivyo, lakini nimeapa kuhesabu maembe na ndizi tu, watoto wa watu sigusi tena. Na mtu akiniuliza kwa wakwe zangu wasichana ni wangapi, nasema watatu.