Waya Kando ya Sosiani

Kavetsa alijifunza kupanda baiskeli akiwa mtu mzima, mama wa watoto, na alijifunza kwa hasira. Alikuwa mkunga wa lokesheni, mtaa wa Waafrika, ya Eldoret, mji ambao vibarua wengi bado waliuita Sisibo, na kwa miaka mingi alikuwa akitembea kwa miguu hadi kwenye mashamba ya Makaburu kuwazalisha wake za wafanyakazi. Mara mbili alifika akakuta watu wanalia. Ile mara ya pili alirudi nyumbani, akamwambia mumewe Wepukhulu, seremala, kwamba baiskeli iliyoegemea ukutani haikuwa yake peke yake tena.

"Watu watasema nini?" Wepukhulu akauliza.

"Waseme. Wakichoka watanyamaza."

Na kweli walisema. Stephen mwinjilisti alimaliza Jumapili nzima akihubiri juu ya wanawake wanaopanda vitu vya wanaume, macho yake yakiwa kwenye benchi alilokalia Kavetsa. Wimbo wa mwisho Kavetsa aliuimba kwa sauti kuwashinda wote, kisha akatoka, akakaza leso kiunoni na kupanda baiskeli hapo hapo mlangoni pa kanisa. Mvua za mwaka huo hazikuwa zimekwisha mke wa Stephen alipomwita aje amzalishe, na mahubiri yale hayakusikika tena.

Njia aliyoipenda ni ile ya kando ya mto Sosiani. Barabara kubwa ilipanda mlima, na ikinyesha inageuka tope la kunata hadi magurudumu yanakataa kuzunguka. Ya mtoni ilikuwa tambarare. Ilipita nyuma ya maduka ya Wahindi, ikaingia chini ya mikaratusi, kisha ikafuata maji polepole hadi mashambani. Ilikuwa imekanyagwa na watu na ng'ombe wao kabla Kaburu wa kwanza hajafika na gari lake la maksai. Huko mtu hakuhitaji kutoa jasho, baiskeli ilijiendea. Kavetsa, ambaye aligombana na karani wa soko, na askari wa kukagua kipande, kile cheti cha shingoni, na hata na paka wa jirani, huko mtoni hakuwa na ugomvi na yeyote.

Kisha Kaburu mmoja akanunua kipande cha ardhi mtoni. Vibarua walimwita Bwana Tumbako, kwa sababu shavu lake lilikuwa limejaa tumbako tangu asubuhi hadi jioni. Alifuga farasi, na alisema baiskeli za Waafrika zinawashtua. Akasimamisha kibao cha Kiingereza njiani. Watu wakakitazama, wakapita.

Asubuhi moja ya mwezi wa sita, jirani mmoja wa kule mashambani aitwaye Kipngetich alifika kwa Kavetsa na mkokoteni wa maziwa. Alikuwa amekuja kwa barabara kubwa.

"Mama, umeitwa na Jeruto kule kwa Bwana Tumbako. Mke wa mwanawe ameshikwa na uchungu tangu alfajiri. Mtoto ametanguliza mguu."

Kavetsa hakungoja kusikia zaidi. Alimjua Jeruto, na alimjua huyo mkaza mwana, Jelagat, msichana mpole ambaye hii ilikuwa mimba yake ya kwanza. Mtoto anayetanguliza miguu anataka mikono inayojua, na anaitaka mapema. Alifunga mkoba wake nyuma ya baiskeli akashika njia ya mtoni, akikanyaga kama mtu anayefukuzwa. Kwa mwendo ule angefika kabla Kipngetich hajamaliza kuuza maziwa yake sokoni.

Hakuuona waya. Ulikuwa mwembamba, umefungwa toka mkaratusi hadi mkaratusi, mahali njia inapoingia kivulini. Ulimkata shingoni chini ya kidevu ukamrusha nyuma, na baiskeli ikaendelea peke yake hadi majini. Aliposimama, mkono wa kushoto ulikuwa unaning'inia na mfupa wa bega umetokeza chini ya ngozi. Damu ilikuwa inaingia kwenye nguo. Aliuvuta mkoba kutoka mtoni kwa mkono mmoja, akatembea. Njia yote iliyobaki aliitembea, akianguka na kuinuka, akimtukana kwa Kimaragoli mtu ambaye hakumjua.

Jeruto alimpokea mlangoni, akaona damu, akafunga mdomo kwa kiganja.

"Si mimi wa kutazamwa," Kavetsa akasema. "Lete maji."

Alifanya alichoweza kwa mkono mmoja, akimwelekeza Jeruto afanye kazi ya ule mwingine. Jelagat walimwokoa. Mtoto, mvulana mkubwa mwenye nywele nyingi, alitoka kichwa kikiwa kimekawia mno, na hakulia.

Kavetsa alimvisha yule mtoto kitambaa, akamlaza kando ya mama yake, akatoka nje na kuketi chini, mgongo ukutani. Hapo ndipo Kiprono, mume wa Jelagat, alipofika mbio kutoka kwenye mazizi ya farasi. Hakuwa amejua kwamba mkunga ameitwa. Aliambiwa tu kwamba mke wake yuko kwenye uchungu, na nyapara alimkatalia ruhusa mpaka farasi wote wamalize kuoshwa. Alimtazama Kavetsa usoni, kisha shingoni.

"Umekuja na njia gani, Mama?"

Kavetsa aliinua kichwa polepole. Lile swali lilimwambia kila kitu.

"Nani amefunga waya?"

Kiprono aligeuka akatazama mazizi.

"Nimekuuliza, nani amefunga?"

"Ni mimi," Kiprono akasema. "Jana jioni. Bwana alinisimamia. Nilimwambia mtu ataumia. Akacheka, akasema atakayeanguka atajifunza kusoma."

Kavetsa alisimama akamzaba kofi. Mwenyewe aliumia zaidi, maana lile bega lilichomwa kama kwa moto, lakini akamzaba la pili. Kiprono alisimama tu, mikono chini.

"Mtoto wako yuko ndani," Kavetsa akamwambia. "Mwone. Halafu tafuta koleo, twende."

Walikwenda mchana mweupe, kila mtu akiona. Kavetsa aliushika waya, Kiprono akaukata upande mmoja. Walikuwa wanahamia mti wa pili farasi alipotokea, na juu yake Bwana Tumbako mwenyewe. Alitema mate ya kahawia majanini.

"Kiprono. Nani amekuambia kata?"

Koleo lilianguka. Kiprono aliinamisha uso. Alikuwa na mama, na mke aliyelala ndani akitoka damu, na nyumba iliyosimama kwenye ardhi ya huyu mtu.

"Mimi nimemwambia," Kavetsa akasema. "Na huu mwingine nitaukata mimi." Akainama, akaokota koleo kwa mkono wake mzima, akaubana waya hadi ukakatika. "Kuna mtoto amekufa pale kwako leo. Kibao chako hakikumfundisha kusoma."

"Ni wewe ama ni huyu mwanamke?" Kaburu akamuuliza tena Kiprono, kana kwamba Kavetsa hakusema kitu.

Kiprono alinyamaza. Kavetsa alimngoja. Alimngoja kwa muda mrefu kuliko alivyostahili, mpaka akaelewa kwamba hatasema.

Mahakamani alishtakiwa kwa kuingia shamba la mtu na kuharibu mali. Juu ya waya hakuna aliyeuliza. Hakimu alitaka kujua kama anajuta.

"Ninajuta," Kavetsa akasema. "Ningejua, ningeukata tangu Kipngetich aliponiita."

Alifungwa miezi kadhaa. Bega lilijiunga vibaya jela, na tangu hapo mkono wa kushoto haukupanda juu ya kifua. Wepukhulu alimletea habari: baiskeli ameitoa mtoni na kuinyosha, njia imezibwa kwa seng'enge na nguzo, wazi kabisa, na askari wanaona ni sawa. Kiprono naye alikuwa amefukuzwa shambani, yeye pamoja na watu wake wote. Kunyamaza hakukumsaidia kitu.

Siku aliyotoka, Wepukhulu alikuwa kazini mbali, mahali paitwapo Ziwa. Nje ya lango la jela alimkuta Jelagat, amekonda, ameshika baiskeli ile kwa mikono miwili kama mtu anayeshika ng'ombe asiyemzoea. Alikuwa ameiomba kwa Wepukhulu akaisukuma tangu lokesheni.

"Pole, Mama."

"Pole wewe."

Walianza kutembea, baiskeli katikati yao, wakiufuata mlima wa barabara kubwa kwa sababu hapakuwa na pengine pa kupita. Tope lilikuwa jingi. Walipofika nusu ya mlima Jelagat akasema, bila kumtazama, "Kiprono anauliza kama umemsamehe."

Kavetsa alikwangua tope kwenye gurudumu kwa kijiti, akakitupa.

"Mwambie bado."

Jelagat alisukuma hatua chache.

"Hata mimi bado," akasema.