Anayetafuta kwa nini majirani wanaacha sauna

Saa tatu asubuhi, Kaarina Tuomaala anafungua barua pepe na kukuta mpangaji mwingine amejitoa kwenye sauna. Ni familia ya ghorofa ya nne, zamu ya Ijumaa jioni. Sababu: hawana muda.

"Hata jirani yangu Armas aliniambia hana muda," anasema, akijimiminia kahawa nyingine. "Mzee mstaafu, anashinda dirishani akitazama ndege. Hapo ndipo nilipoanza kuwashwa na maswali."

Kaarina, 46, ni karani wa ofisi inayosimamia majengo ya kupanga mjini Kuopio. Pamoja na funguo zilizopotea na mabomba yanayovuja, anashughulikia zamu za sauna, chumba cha kuogea mvuke kilicho chini ya jengo mojawapo, ambako kila kaya hulipia saa yake ya mvuke mwezi kwa mwezi. Zamani ukitaka Ijumaa ulisubiri mtu ahame au afe.

Sasa Ijumaa ina mapengo. Kamati ya wakazi imeshasema zamu zisipojaa kufikia Machi, jiko la mawe linalotoa mvuke litang'olewa na chumba kiwe cha kuwekea baiskeli. Kaarina alilelewa katika jengo hilo na bado anaishi humo. Habari hiyo inamuuma, wala hafichi.

Alianza na joto. Fundi akapima, jiko halina kasoro. Akauliza kuhusu bei, wakasema ni sawa. Akauliza kuhusu usafi, wakasema panang'aa. Ndivyo tulivyo watu wa Kuopio: ukituuliza kwa nini tumeondoka, tutakujibu kwa heshima zote na hutaambulia kitu.

Basi akabadili swali. Alipokutana na Armas Vuolle, 78, kwenye mapipa ya taka, alimuuliza tu siku yake ya mwisho sauna ilikuwaje.

Mzee alitupa mfuko wake pipani, akasema: "Nilitoka, nikajikausha, nikakaa kwenye benchi la kubadilishia nguo. Hakuja mtu."

Kaarina anasema hapo alijua kosa ni lake. Yeye ndiye aliyependekeza, mwaka juzi, iwepo robo saa kati ya zamu na zamu ili wanaotoka wasikutane na wanaoingia, wote wakiwa na taulo tu. Kamati iliafiki bila mjadala. Nani angepinga? Sisi ndio watu wa kuchungulia kwenye tundu la mlango kabla ya kutoka, tusije tukakutana na jirani kwenye ngazi.

Kumbe zile dakika mbili za kupishana pale benchini, za "mvuke ulikuwaje?" na "haukuwa mbaya", ndizo walizokuwa wakizifuata. Kwa Armas, tangu mkewe afariki, hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yake ya wiki nzima. Wengine aliowauliza vivyo hivyo walimweleza jambo lilelile, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake.

"Niliwafanyia hisani ambayo hakuna aliyeiomba," anasema Kaarina.

Kuanzia mwezi ujao ile robo saa inafutwa, na kila atakayejitoa ataulizwa swali jipya. Anatumaini Ijumaa itajaa kabla kamati haijakaa. Jana alimpigia simu Armas kumuuliza kama angependa kurudishiwa saa yake ya zamani.

"Hapana, binti," mzee alimjibu. "Nipe yoyote, ilimradi kuna mtu mbele yangu na mtu nyuma yangu."