Kapu Lililokaa Juani

Mwaka 1967, nikiwa na miaka tisa, ndipo nilipoanza kuiogopa mikono yangu mwenyewe. Wenzangu wa rika langu wengi mtasema shida zenu zilianza na njaa, au na ada, au na mama wa kambo. Yangu ilianza na kapu. Nimesoma mpaka darasa la pili tu, kwa hiyo naandika kama ninavyozungumza, na dada wa steshenari hapa Mabatini nimemwambia apige chapa hivi hivi, asinitie maneno ya wasomi.

Enzi zetu, kijijini kwetu upande wa Bujora, asubuhi ilikuwa na harufu ya moshi wa samadi na maziwa yaliyolala kwenye kibuyu. Tulikula michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa, iliyochemshwa na karanga, tukaondoka na mingine mfukoni, ukitafuna mpaka taya zinauma. Tulifinyanga ng'ombe wa udongo, pembe zao miiba ya mgunga, na kila mmoja alikuwa na jina na tabia yake. Tuliteleza kwenye majabali mpaka kaptula zikatoboka matakoni, halafu jioni tukachapwa kwa sababu ya kaptula. Mtoto wa leo suruali yake imechanika magotini, ukimwonea huruma anakwambia imenunuliwa hivyo dukani, tena kwa bei ya juu. Sisi tulizipata bure na viboko juu.

Shuleni nilipenda hesabu za vijiti. Mwalimu alisema nina kichwa. Nilikaa na hayo maneno miaka miwili, kisha baba akanitoa.

Baba yangu alikuwa mtu wa Bayeye, chama cha wacheza nyoka. Mavuno yakishaingia ghalani vijiji vilishindana kwa ngoma, na baba akiingia uwanjani, upande wa pili ulibaki unapiga ngoma zake peke yake, watu wote wamehamia kwetu. Kaka yangu Masanja ndiye aliyekuwa mrithi wake. Masanja hakuogopa kitu. Mwaka ule kifutu alimuuma kwenye kiwiko, akakaa siku mbili, akafa. Wazee wakasema alifanya haraka, dawa zilikuwa hazijamwingia sawasawa.

Matanga yalipokwisha baba akaniita. Akanishika viganja, akavigeuza juu na chini kama mtu anayekagua jembe mnadani.

"Hii mikono si yako," akasema. "Ni ya chama. Wewe umeazimwa tu."

Kuanzia hapo nikaacha kulala usingizi wa mtoto. Nilichanjwa chale kwenye vifundo vya mikono, dawa nyeusi ikapakwa, ikawaka kama pilipili kwenye jicho. Kila asubuhi baba alifunua kapu, mimi nikae mbele yake nimtazame kifutu, mnene, amejikunja kama kamba iliyolowa. "Ukimwogopa atajua," baba alisema. Sasa mtu unaogopa, halafu unaogopa kwamba unaogopa. Mara mbili nilijikojolea pale pale. Wakati wa kula nilikuwa nauangalia mkono wangu ukichota ugali nikihesabu vidole, vitano, vyote vipo. Mama aliniona, akageuza uso. Wala msifikiri baba alikuwa mkatili. Alinipenda. Ila enzi zetu mtoto hakuulizwa, mtoto aliarifiwa.

Nimekaa na haya moyoni maisha yangu yote. Zilizoyatoa ni katuni.

Mjukuu wangu Pendo, mtoto wa binti yangu marehemu, nimemlea tangu ana miaka minne. Sasa ana kumi na tisa. Anapenda katuni za Kijapani, zile za watoto wenye macho makubwa kama sahani, nywele za bluu, za kijani, za rangi ambazo Mungu hakuzigawa. Nilizidharau. Nilimwambia enzi zetu mtu mzima hakai kuangalia michoro. Yeye hakai kuangalia tu, anachora. Madaftari yamejaa chini ya kitanda. Na mimi nilishampangia: atasimamia karakana yangu ya kuunda mitumbwi, Pasiansi kando ya ziwa. Nilishawaambia mafundi. Nilishawaambia watu kanisani.

Mwaka huu akapata nafasi kwenye chuo cha sanaa huko pwani. Fomu ilitaka sahihi ya mlezi. Nikaipokea, nikasema nitaiangalia, nikaiweka chini ya godoro. Wiki tatu. Akiniuliza nasema bado naiangalia. Niliilalia, ndivyo nilivyofanya.

Jumapili moja baada ya chakula alikuwa anaangalia katuni yake sebuleni, mimi na chai yangu. Hakuwa ananisemesha siku hizo zaidi ya shikamoo. Nikatafuta la kusema.

"Huyo mwenye nywele za kasuku analia nini? Amefiwa?"

"Hajafiwa, babu. Ukoo wao unalinda lango la milimani. Binti wa kwanza lazima awe mlinzi, akiingia hatoki tena. Ameambiwa zamu yake imefika."

"Si heshima hiyo?"

"Heshima gani hukuulizwa?"

Baadaye akatokea jibaba moja lenye koti jeusi, limesimama juu ya paa.

"Na huyu?"

"Huyo ndiye adui. Anataka dunia nzima imtii, mtu asichague chochote."

"Mshenzi."

"Subiri, babu. Na yeye alikuwa mtoto wa lango. Alitoroka. Alipotoroka watu wake wakaumia. Ndiyo maana anaamini mtu ukimwachia achague, ataharibu."

Nikalivuta shuka la kochi, nikajifunika mabega.

"Babu, una baridi?"

"Funga dirisha."

"Limefungwa."

Nilikaa naye mpaka mwisho, na Jumapili zilizofuata nikakaa tena. Nikaona kitu ambacho wasomi wenu labda wanakijua. Wale watoto wa katuni hawasukumwi na njaa kama tulivyosukumwa sisi. Wengi wao wanakula vizuri, mitaa yao haina hata vumbi. Kinachowasukuma ni mkono ulio juu yao. Mmoja anafanya mazoezi mpaka damu ili baba yake amwambie neno moja zuri. Mwingine anavunja kila kitu ili asiambiwe. Mwingine ameshikwa muda mrefu, siku akiachiwa anasimama tu, hajui miguu ielekee wapi. Na yule mbaya wao, ukimfuatilia nyuma, ni mtoto aliyechagua mara moja akaogopa alichokichagua, tangu hapo akawa anawachagulia wengine. Nilimtazama yule mwenye koti jeusi nikaona ndiye mimi, na fomu yangu chini ya godoro.

Sasa niwaambie siku ya ngoma.

Ilikuwa mwezi wa saba. Mimi ndiye niliyetakiwa kumtoa kifutu mbele ya watu, mara ya kwanza. Kazi yangu ya kulinda kapu ilikuwa ndogo: likae kivulini chini ya ghala, lirushiwe maji. Kila mtoto wa Bayeye anajua, nyoka akipoa anakuwa mzito, akipata joto anakuwa mwepesi na mkali. Mimi nilikuwa nimesikia pia kwamba jua likizidi anakufa. Nikajiambia, akifa hakuna ngoma. Ng'ombe walipotoka zizini nikalisukuma kapu juu ya jabali, peupe, nikakaa mbali. Jua lilipanda. Nilikuwa namwomba Mungu na mizimu kwa pamoja, yeyote atakayesikia kwanza.

Adhuhuri wakaja kunivisha njuga. Nikakimbia kulirudisha kapu kivulini, nikasikia ndani linapumua, ile sauti ya kifutu, kama mtu anayepepeta pumba. Hakufa. Nilikuwa na akili ya kusema, "Baba, kapu limekaa juani." Maneno matatu, manne. Sikuyasema. Nilimwogopa baba kuliko nyoka.

Uwanjani ngoma zinalia, wanawake wanapiga vigelegele, jina la Masanja linatajwa, jina langu linatajwa. Baba akaweka kapu katikati. Akaweka kiganja juu ya kifuniko. Akakaa hivyo. Akanitazama. Nikadhani ananisubiri, nikapiga hatua moja. Akanisukuma kifuani kwa kiwiko, nikaanguka kwa matako, watu wakacheka sana. Akafunua mwenyewe.

Kifutu alimuuma chini ya dole gumba. Watu waliendelea kuimba, walidhani ni sehemu ya mchezo. Mimi peke yangu ndiye niliyejua.

Baba hakufa, dawa zilimsaidia, lakini mkono ule ulikauka kama tawi na hakucheza tena. Siku ya tatu nikatoroka. Nilitembea mpaka nikaliona ziwa, nikafika Pasiansi nimevimba miguu. Mzee mmoja fundi mitumbwi akanipa pamba na mafuta, nishindilie kwenye maungio ya mbao maji yasipite. Nililala kwenye maranda ya mbao. Nilikula dagaa na ugali wa muhogo, na kila mtu wa kwetu akipita ufukweni nilijificha nyuma ya mtumbwi, nikidhani ametumwa, nikidhani baba ameshajua.

Baada ya miaka minne akaja mama, na michembe kwenye kitambaa. Tukakaa kwenye mawe pembeni ya maji. Akala samaki wangu. Kisha:

"Baba yako anasema kapu lilikuwa la moto."

Nikaurudisha mchembe kwenye kitambaa.

"Alijua?"

"Alijua kabla hajafungua. Alisikia kwenye kiganja."

"Mbona alifungua?"

"Watu walikuwa wamejaa, mwanangu. Wamekuja kuona kapu linafunguliwa. Anasema asingekupa wewe lile." Akajifuta vidole. "Na anasema ujifunze hiyo kazi vizuri. Usirudi kwa ajili ya chama."

Kumbe pale uwanjani, mbele ya kijiji kizima, baba aliniachia. Aliyekuwa ameishika mikono yangu ndiye aliyeirudisha, kwa bei ya mkono wake. Nami sikurudi kumwona. Mama alikuja mara tatu zaidi, kila mara nikasema mwakani. Niliogopa kuuona ule mkono. Baba alizikwa mimi nikiwa nashindilia pamba mtumbwi wa mtu. Msiniambie nilikuwa mtoto, nilikuwa na miaka ishirini na mbili.

Basi hilo ndilo lililonifanya nimpangie kila mtu. Nilijifunza kwamba nilipochagua mimi, mtu aliumia. Wanangu niliwachagulia shule, kazi, na mmoja mpaka mume. Nilidhani ni busara. Ilikuwa woga, wa kile kile kitoto kwenye jabali.

Alhamisi, siku moja kabla fomu haijapitwa na wakati, nikaitoa chini ya godoro. Imekunjamana. Pendo alikuwa anachambua mchele uani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Lete kalamu."

Aliileta mbio, mchele ukamwagika, kuku wakashukuru. Jina langu huwa linanichukua muda. Niliandika herufi moja moja, yeye amesimama nyuma yangu hapumui.

"Babu," akasema polepole, "hapo ni pa tarehe."

"Kaa kimya." Nikaandika tena juu yake. "Mimi naogopa, we mtoto."

Nadhani hajawahi kunisikia nikisema hilo. Akachuchumaa.

"Unaogopa nini?"

"Mabasi. Barabara. Wanaume wa pwani. Chakula chao cha nazi."

"Babu, unaogopa nazi!"

"Chukua karatasi yako kabla sijageuka."

Alicheka huku machozi yanamtoka. Kisha akanishika bega, akasema kwa sauti ndogo, "Na nikiharibu?" Nilitaka kumwambia hataharibu. Sikumdanganya. Nilimwambia simu yangu haitazimwa.

Ameondoka sasa wiki ya pili. Simu ikilia moyo unapiga kabla sijaona ni nani. Juzi ilikuwa ni mtu anauliza bei ya mtumbwi, nikamfokea bure. Hii hofu haijaisha, na sidhani itaisha. Tofauti ni kwamba sasa ninaibeba mimi, simbebeshi yeye.

Zamani tulikuwa na vitu vichache na wenyewe tulikuwa mali. Ya baba, ya ukoo, ya ngoma. Palikuwa na joto lake pale, nisiwafiche. Ulijua unakaa wapi, unakufa wapi, nani ataimba siku hiyo. Watoto wa leo wana milango mingi mpaka wanakaa katikati ya chumba wanaangalia simu. Ninawacheka, na wakati mwingine usiku wa Jumapili ninatamani michembe, na sauti ya njuga za baba zikija kutoka mbali, nisiwe nimefanya lolote bado. Lakini mtoto wa kwetu mwenye miaka tisa leo haendi kukaa mbele ya kapu asilolitaka. Akiambiwa aende, labda ameshaona kwenye katuni kwamba mtu anaweza kuuliza.

Ninachomiliki leo, kwa jasho langu na darasa la pili: karakana ya mitumbwi Pasiansi, yenye mafundi saba. Nyumba ya vyumba sita Mabatini, imeezekwa bati, haivuji. Boti mbili zenye mashine. Ng'ombe kumi na mmoja Kisesa. Shamba la viazi na muhogo. Baiskeli, televisheni, saa ya ukutani. Pendo simwandiki hapa.