Nilivyowapulizia Dawa Mbu wa Binti Yangu

Nimekosa, na sina pa kujificha. Jina langu liacheni tu, maana hapa Ifakara nina duka la pembejeo na wateja wangu wanasoma.

Binti yangu, nimwite Neema, yuko kidato cha tano. Likizo ya mwezi wa sita alichaguliwa pamoja na wasichana wenzake kwenda kujifunza kazi kwenye maabara ya utafiti wa mbu. Jamani, nilivyojisifu! Mtu akija kununua mbegu ya mpunga, haondoki kabla hajasikia habari za mwanasayansi wangu.

Neema alitengeneza mtego wa mbu kwa ndoo na feni ndogo ya kompyuta mbovu. Chambo kilikuwa soksi zangu ambazo hazijafuliwa, kwa kuwa mbu hufuata harufu ya miguu. Nikatangaza mtaa mzima kwamba na mimi nashiriki utafiti.

Alinieleza pia kwamba siku ya wazazi wataachia mbu kwenye banda kubwa la chandarua, kisha wageni wakifika watahesabu walionaswa. Msichana ambaye mtego wake utafanya vizuri angerudi Desemba kuuendeleza. Neema aliitaka nafasi hiyo mpaka akawa anaiota. Mimi nilikuwa naitikia huku nachezea simu.

Siku yenyewe niliwahi, nimevaa suti, kwa sababu nilipangiwa kusema neno kwa niaba ya wazazi. Tuliambiwa tukae chini ya turubai. Mtu kama mimi nikae na wengine? Nikaenda kuchungulia banda. Mbu walikuwa wamejaa humo utadhani wamepanga chumba!

Nikawaza, mgeni rasmi aingie humu aumwe, aone watu wa bonde hili hatujui kupokea wageni? Kwangu mgeni haingii sebuleni kabla sijapuliza dawa. Nikaenda kwenye pikipiki, nikachukua kopo moja katika mzigo wa dukani, nikapuliza kona zote na ndani ya ndoo. Nilitoka najipongeza.

Wageni walipofika, mbu walikuwa sakafuni, miguu juu. Mtaalamu aliyewasimamia mabinti, dada mmoja mpole, alinusa hewa, akauliza nani ameingia. Hapo ndipo maelezo yote ya Neema yaliponirudia. Mdomo wangu unaoongea kutwa nzima ukagoma kufunguka!

Neema alikuwa amesimama karibu yangu, na suti yangu ilikuwa inanuka dawa. Akaniangalia. Kisha akasogea mbele.

"Ni mimi, dada," alisema. "Niliona mbu wamezidi, nikapuliza."

"Wewe, Neema? Wewe uliyekuwa unawakataza wenzako wasiingie hata na mafuta ya kunukia?" Yule dada aliliangalia banda tena. "Basi Desemba tutamchukua mwingine."

Wakaniita kuzungumza. Mungu anisamehe, nilizungumza! Nikasema wazazi tuna wajibu wa kulea watoto waaminifu, nikamsifu binti aliyekiri kosa lake hadharani. Walinipigia makofi.

Nyumbani Neema aliniamkia kama kawaida, akanitengea chakula. Nilipoanza kujieleza, alinikatiza taratibu: "Baba, ningekuacha uaibike mbele za watu?" Akaenda kulala. Toka siku hiyo hajazungumzia tena mbu wala mtego. Wateja wakiniuliza habari za mwanasayansi wangu, nawajibu kwamba shule imembana. Inaniuma sana.

Wazazi wenzangu, mtoto akikueleza kazi yake, weka simu chini. Ukiambiwa ukae kwenye turubai, kaa. Na ukiharibu, sema palepale, kabla mtoto wako hajalibeba kosa lako.

Ushauri huu mimi mwenyewe umenishinda. Juzi nilijikaza nikawasha pikipiki, nikafika hadi getini kwa wale watafiti niwaambie ukweli, Neema arudishiwe nafasi yake. Mlinzi akaniuliza nina shida gani.

Nikamwambia nimekuja kuuliza kama wanahitaji dawa ya mbu.