Injini Iliyowashwa Kavu

Mnanisumbua na hii habari ya Shem, na mnajua mkono wangu haujazoea kalamu. Nitaandika mara moja tu. Asiyeelewa asinirudie.

Shem alikuwa mkata nyasi wa Jamleck kule Kitisuru, mtaa wa matajiri. Kwao ni ziwani, kwa wavuvi wa wale dagaa waitwao omena, na kabla ya kushika fyekeo alitengeneza injini za boti miaka kumi na mmoja. Jamleck hakuwahi kumuuliza. Mwaka wa 2006 Jamleck alinunua boti ya kuvuta kwa gari mpaka ziwa la Naivasha siku za sikukuu, akaiweka uani kando ya gari lake. Kila asubuhi aliiwasha pale pale, kavu, kama anavyopasha gari moto. Siku moja Shem akafungua mdomo.

"Mzee, hiyo injini..."

"Kata nyasi."

Akakata nyasi.

Pasaka injini ikachemka katikati ya maji, ikazima. Wavuvi wakamvuta Jamleck na watu wake mpaka ufuoni kama ng'ombe aliyeanguka mtaroni. Boti iliporudi uani ndipo Shem akasema anaijua kazi hiyo.

"Mtu wa omena," Jamleck akacheka. "Haya. Wageni wanakuja Jumamosi. Ikipona, unaenda Naivasha kukaa na boti. Kuna nyumba, lete bibi yako. Isipopona, unajua njia ya geti."

Shem alikuwa na miaka mitatu hajaishi na Lornah, mkewe aliyebaki kwao. Alishika spana zake kama mwenye kiu anavyoshika kata.

Injini ya boti iliyo nzima hukojoa: maji huingia chini, yakapoza chuma, yakatokea tundu la ubavuni. Hii haikukojoa. Akalichokoa tundu kwa waya, safi. Akatazama maji yanapoingilia, hakuna majani. Basi akaufungua mguu wa injini, ule unaozama majini, mpaka kwenye pampu. Mle ndani mna mpira wa mabawa sita unaozunguka kusukuma maji. Manne yalikuwa yamekatika, mawili yameungua, yananuka kama kiatu motoni.

Akaenda mjini akanunua mpira mwingine, lakini hakufunga. Alivitafuta vile vipande vinne. Akapata vitatu.

"Funga, wewe," Jamleck akasema. "Kipande kimoja kitafanya nini?"

"Kitaziba njia ya maji, mzee. Itachemka tena."

Cha nne alikipata Ijumaa jioni, kimekwama juu kabisa karibu na kichwa cha injini.

Jumamosi, mbele ya wageni, mguu ukatumbukizwa kwenye pipa la maji. Injini ikawaka, ikakojoa mkojo mrefu kama wa fahali. Wageni wakapiga makofi.

"Kwani ilikuwa na shida gani?" mgeni mmoja, Waweru, akauliza.

Shem akajibu, kwa kuwa aliulizwa. "Iliwashwa bila maji, bwana. Kila asubuhi, kama gari. Mpira ukikosa maji unaungua."

Hannah, mke wa Jamleck, akamcheka mumewe mpaka akashika meza. "Si ni wewe, Baba Kui? Na pajama yako, eti injini isilale."

Wote wakacheka, isipokuwa mmoja.

"Mnamuona huyu?" Jamleck akasema. "Alijua vipande ni vinne. Akajua cha nne kiko wapi. Anayejua ng'ombe alipofichwa ni nani, kama si mwizi?" Akamgeukia askari wa geti. "Mtoe."

Shem akamtazama Hannah, aliyejua. Hannah akachukua kipande cha nyama.

"Enda tu, Shem. Usituharibie siku."

Alitoka na gambuti miguuni. Spana zake, zile alizotoka nazo ziwani, zikabaki uani ndani ya sanduku lake. Jumatatu boti ikaenda Naivasha, inakojoa vizuri. Shem sasa anapepea makaa ya nyama choma Kenyatta Market, na Lornah ameacha kuuliza siku ya safari.

Nimemaliza. Wewe uliyetaka kusoma, na una viatu vya kuingilia Kitisuru, nenda ukagonge geti la Jamleck uitishe spana za Shem. Sanduku ni la mbao, limepakwa bluu. Usije kwangu bila hilo sanduku.