Ngozi Iliyobaki Mkononi mwa Mkwe

Jamani, hili nalisimulia nikiwa nimefumba macho, maana aibu yake haijaisha mpaka leo, na watu wa Songea wakinikumbuka kanisani hawanikumbuki kwa kuimba.

Ilikuwa miaka ile mitumba ilipojaa sokoni. Mama yangu alikuwa ameungua mgongo wa mkono kwa maji ya moto, na kila bandeji ilipobadilishwa ilibanduka na kidonda, mpaka akagoma kwenda zahanati. Iliniuma sana. Mimi nilikuwa mtu wa maabara, basi nikachukua ule unga wa mwani tunaooteshea vijidudu, nikauchemsha ukaganda kuwa jeli, laini lakini inakatika ovyo, nikaitandikia nyuzi za pamba, safu huku na safu kule (kama nyama yenyewe ilivyo), ikawa bandeji inayovutika bila kuchanika wala kunata kidondani. Muuguzi akaikagua, akasema haina ubaya.

Mama akasema, "Ukae nayo kwanza wewe, mwanangu. Kutwa nzima. Ikitoka bila kukuchuna, nami nitakubali."

Jumapili nikaibandika mkono wa kulia, tena nilikuwa nimeitia majani ya chai ifanane na ngozi, watu wasiniulizeulize (akili nyingi huondoa maarifa), tukaenda kanisani mimi na Mama.

Padre akasema tupeane amani. Kugeuka nyuma, namwona Mama Mapunda, mama wa mchumba wangu, mkwe ambaye kwa heshima sikuwahi kumgusa hata kidole! Nikanyoosha mkono, naye kwa upendo wake akaushika kwa mikono miwili, akaubana, akautikisa, na alipouachia akabaki na ngozi.

"Mama yangu weee! Nimemchuna mtoto wa watu!"

Benchi zima likasimama, mzee mmoja akaanza kunipepea kwa kofia, mimi nasema, "Si yangu, si yangu," na kadiri ninavyosema ndivyo wanavyozidi kunihurumia (nani anaikana ngozi yake?).

Nikamtazama mama yangu pembeni, nikijua sasa ndiyo basi, hatakubali kuguswa tena. Kumbe yeye alikuwa ameushika mkono wangu anaupapasa polepole.

"Imetoka yote," akaninong'oneza, "na haijakuchuna. Haya, twende kwa muuguzi."

Nimeapa, mambo ya maabara hayataingia tena kanisani. Ila mkiniona nafuta machozi wakati wa amani, mniache tu; namkumbuka Mama siku ile, anamnyooshea muuguzi mkono wake unaouma, bila woga.