Mashua Iliyopewa Maneno

Mtaani walimwita Najua, na jina hilo hakupewa kwa kuonewa. Ukimwambia mvua inakuja, anajua. Ukimwambia kitambaa hiki kitapungua kikifuliwa, anajua, na hapo alikuwa anajua kweli, maana alikuwa fundi cherehani na mkono wake ulikuwa safi. Nje ya kitambaa alijua kwa mdomo tu.

Baba mkwe wake alikuwa na mashua ndogo ya mbao, ambayo zamani alivushia watu ng'ambo ya ghuba. Sasa miguu ilikuwa imemchoka, na mashua ililala uani ikioza taratibu. Habari zikaja kwamba dada yake wa ng'ambo hajiwezi. Mzee akasema atakwenda kumwona, na atakwenda kwa mashua yake mwenyewe, akiwa ameketi kama mtu mzima, si kwa kubebwa kama gunia.

"Mwanangu," alimwambia Najua, "nitafutie mafundi wa kweli. Nakuachia wewe usimamie."

Kichwa kilivimba hapo hapo. Kuaminiwa na mkwe si jambo dogo.

Mafundi aliowaleta walikuwa wawili: seremala wa vyombo vya baharini, mtu wa maneno machache, na mkalafati, ambaye kazi yake ni kushindilia nyuzi za pamba kati ya ubao na ubao maji yasipite. Waling'oa mbao zilizooza, wakapachika mpya, nyundo ikalia uani kutwa. Najua alizunguka mikono nyuma akisema, "Hivyo hivyo." Mkalafati alikuwa mtu wa kupenda kueleza, lakini kila alipofungua kinywa alikatwa na "najua", mwisho akaona bora ajinyamazie.

Walipomaliza, seremala alifuta mikono na kusema, "Yetu yamekwisha. Sasa ipe sifa. Kila jioni jua likipoa, ndani na nje, wala usiwe mchoyo. Ikishiba ndipo muishushe majini."

"Najua," alisema Najua.

Hakujua lolote. Angeuliza tu, "Sifa gani?", mambo yangekwisha pale pale. Lakini aulizeje, na mkewe amesimama mlangoni anasikia, na mzee yuko dirishani? Kuuliza si ujinga, wanasema, ila wasemao hivyo hawakuwahi kuitwa Najua. Akakumbuka kuwa aliwahi kuwaona mabaharia wakivibembeleza vyombo vyao kama watoto. Basi, ndiyo hiyo, akajiambia.

Jioni ile alisubiri watu waingie ndani, akaisogelea mashua, akakohoa.

"Mashua," alisema kwa sauti ya chini, "wewe ni mzuri."

Alitazama nyuma. Hakuna mtu. Akaendelea. Kwa kuwa aliambiwa ndani na nje, aliiinamia akaingiza kichwa mle ndani na kuisifia huko nako. Siku za kwanza alijiona mjinga. Baadaye akazoea, na kusema kweli akaanza kupenda, kwa sababu yalimtoka maneno ambayo hakuwahi kumwambia mtu. Wakati huohuo jua la mchana lilikuwa likizichoma mbao. Zikakauka, zikaachana, na hakuna aliyeona.

Siku ya kuishusha walikuja majirani na mafundi wote wawili. Alikuwapo pia mwenye mashua mmoja aliyekuwa amepatana na seremala amtengenezee yake. Mzee alivaa suruali ya safari, akaketi juu ya mto ambao Najua alimshonea kwa mkono wake. Walisukuma. Mashua ilielea vizuri, na hawakufika mbali kabla maji hayajaanza kuchungulia kila upande. Mto ule ukayanywa ukavimba, na mzee alikuwa ndani ya maji hadi vifundoni. Najua ilibidi aruke na kumbeba mgongoni mpaka ufukweni.

Ndipo Najua akawageukia mafundi. "Mafundi gani nyinyi? Mlitaka kumuua mzee wa watu!" Alifoka mpaka mate yakamruka. Yule mwenye mashua alitikisa kichwa, akamwambia seremala, "Basi, fundi, yangu acha tu. Nitatafuta mwingine."

Seremala alipitisha kiganja juu ya ubao, akakinusa.

"Uliipa sifa?"

"Kila jioni! Ndani na nje!"

"Mbona hainuki?"

"Sifa zinukeje?"

Mkalafati ndiye aliyeelewa kwanza. Akageuka upesi, akatazama baharini, mabega yakimtikisika.

"Mafuta, fundi," alisema seremala polepole. "Mafuta ya samaki ya kupaka chombo. Ndiyo tunayoyaita sifa. Wewe uliipa nini?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni: aliuziwa mafuta mabovu, au mvua iliyafuta. Alimtazama yule mwenye mashua aliyekwisha kuanza kuondoka, kisha akamtazama mkwe wake, suruali inamchuruzika. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Maneno," alisema.

"Maneno gani?" aliuliza mzee.

"Baba, niache."

"Nimelowa kwa ajili yake. Nataka kuyasikia."

Basi akayasema, macho chini, mbele ya watu wote. Kwamba mashua ni mzuri, ana mbavu za kupendeza. Kwamba alimbeba mtu aliyempa binti yake fundi ambaye wakati ule hakuwa hata na cherehani, wala mtu huyo hakumcheka. Majirani walicheka mpaka wakashikana. Mkewe alijifunika uso. Mzee hakucheka.

"Nimekula kwa mashua hii maisha yangu yote," alisema, "na sikuiambia hata ahsante." Akakamua mguu wa suruali. "Lakini dada yangu bado ananingoja."

Hilo lilimchoma kuliko vicheko vyote. Najua alimkimbilia yule mwenye mashua, akamshika mkono. "Usimwache fundi huyu. Kazi yake ni nzima. Aliyeharibu ni mimi." Kisha akarudi kwa seremala, masikio yakimwaka.

"Hayo mafuta yanauzwa wapi?"

"Unajua pale sokoni wanapouza kamba?"

Mdomo ulifunguka wenyewe, kwa mazoea. Akaufunga.

"Sijui," alisema.

Seremala akaanza kumweleza upya, tangu mwanzo, na safari hii Najua alisikiliza mpaka mwisho.